Kiurdu Kimetunza Herufi Zake, Sisi Je?

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumeizoea mno hata hatuisikilizi tena. Lakini liko jambo moja baya kuliko mali isiyo na daftari, nalo ni daftari kuwapo na mwenye mali asiweze kulisoma.

Jambo hilo nililishuhudia Msambweni, siku ya tatu baada ya maziko ya mzee mmoja jamaa yetu. Khitma ilikuwa imekwisha, watu wamekula na kuagana, tumebaki wa nyumbani. Wajukuu wakatoa kasha la marehemu, la misumari ya shaba, wakalifungua mbele ya wakubwa. Ndani mlikuwa na kanzu mbili, joho moja, juzuu za Kurani, na chini kabisa furushi la karatasi zilizoanza kuliwa na mchwa, zote zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kijana mmoja, aliyehitimu Kurani na tajwidi yake, akazishika, akazibusu, kisha akasema: "Ami, hizi ni aya. Afadhali tuzichome, majivu tuyatie baharini, zisije zikakanyagwa."

Nikamwomba anisomee mstari mmoja tu. Akaanza kukokota herufi baada ya herufi, kama mtoto wa chuo na ubao wake. Alipofika kati akanyamaza, akanitazama. "Ami, mbona hiki ni Kiswahili?"

Naam, kilikuwa Kiswahili. Karatasi ya kwanza ilikuwa waraka wa shamba: nani kamuuzia nani, minazi mingapi, mpaka unaishia mkwaju upi, na majina ya mashahidi. Ya pili ilikuwa habari ya deni lililokwisha kulipwa. Ya tatu ilikuwa beti tisa za mawaidha kwa binti anayekwenda kuolewa. Yote hayo yalibakia hatua chache kutiwa kibiriti, na aliyetaka kuyachoma hakuwa mjinga wala adui. Alikuwa mtoto mwema, mwenye adabu na dini yake.

Usiku ule nikirudi Ukunda nilikuwa nikiwaza juu ya Kiurdu. Msomaji atauliza, Kiurdu na Msambweni wapi na wapi? Basi na anipe sikio kidogo.

Kwanza, Kiurdu si mgeni kwetu kama tunavyodhani. Sisi tuliokuwa tukipanda gari hadi Likoni na kuvuka feri kwenda kutazama sinema za Kihindi Mombasa, sehemu kubwa ya nyimbo tulizokuwa tukirudi nazo midomoni zilitungwa na washairi wa Kiurdu. Sahir Ludhianvi, Shakeel Badayuni na Majrooh Sultanpuri walikuwa washairi wa Kiurdu kabla ya kuwa watungaji wa sinema. Mughal-e-Azam, iliyotoka mwaka 1960 na kuliza watu wengi, mazungumzo yake ni Kiurdu cha daraja la juu. Hata taarabu yetu ya Mvita ilinywa katika kisima hicho; marehemu Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alisifika kwa kuimba mashairi ya Kiswahili kwa mahadhi ya Kihindi. Tuliimba sauti zao tukatia maneno yetu.

Pili, na hili ndilo kubwa, historia ya Kiurdu inafanana na yetu kama mtu na nduguye. Kiurdu kilizaliwa Bara Hindi, kikakua katika miji kama Delhi, Lucknow na Hyderabad. Jina lake latokana na neno la Kituruki lenye maana ya kambi ya jeshi. Sarufi yake ni ya Kihindi tupu, ila kimejaa maneno ya Kiajemi na Kiarabu. Na Kiswahili je? Sarufi yake ni ya Kibantu tupu, na kimejaa maneno ya Kiarabu, mengine ya Kiajemi na ya Kihindi. Lugha zote mbili zililelewa na wafanyabiashara, wanavyuoni na washairi. Zote mbili zilivaa herufi za Kiarabu, na zote mbili vazi hilo liliwabana.

Liliwabana kwa kuwa Mwarabu hana p, wala ch, wala g ya "gari". Waajemi walikuwa wamekwisha kulitatua hilo kwa kuongeza nukta na vistari, na wenye Kiurdu wakachukua. Lakini zikabaki sauti nyingine za Kihindi, t na d na r zinazotamkwa kwa kuukunja ulimi, ambazo hata Mwajemi hana. Wakafanya nini? Walichukua herufi zile zile wakazitia alama ndogo juu, mambo yakatengenea. Kwa vazi hilo lililopanuliwa, Mir Taqi Mir aliyefariki mwaka 1810 aliandika ghazali zake, na Mirza Ghalib, aliyezaliwa mwaka 1797 na kufa 1869, akaandika mashairi na barua ambazo mpaka leo watu wanazisoma. Baadaye akaja Muhammad Iqbal, aliyefariki mwaka 1938. Kisha Faiz Ahmed Faiz, ambaye mwaka 1955 akiwa gerezani Pakistan alitunga shairi la kuiita Afrika iinuke, wakati wetu wa Hali ya Hatari hapa Kenya.

Nasi taabu ilikuwa ile ile. Wazee walipoandika kwa herufi za Kiarabu bila kuziongeza, "mtoto" na "mtutu" wa bunduki viliandikwa sawasawa, kwa kuwa dhuma ilibeba o na u pamoja. Msomaji alipambanua kwa maana ya maneno. Lakini si kweli kwamba wazee walilala. Mombasa, katika karne ya 19, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890, aliziongezea herufi hizo alama ili zichukue sauti za Kiswahili. Huyo ndiye aliyehifadhi mashairi ya Muyaka bin Haji, na lau si kazi yake, leo tungekuwa na jina la Muyaka tu. Kabla ya hapo, kule Pate, Utendi wa Tambuka ulikuwa umekwisha kuandikwa kwa herufi hizo mwaka 1728. Na hata mwaka 1930 Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alipoanzisha jarida lake la Sahifa pale Mombasa, aliliandika kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kwa sababu alijua ndizo wasomaji wake walizozisoma.

Hapo ndipo njia zilipoachana. Kwetu shule za misheni na za serikali zilileta herufi za Kirumi, na aliyetaka kazi ya ukarani ilimbidi azishike. Herufi za wazee zikabaki msikitini na ndani ya makasha. Kwa Kiurdu mambo yalikuwa magumu pia, ila wenyewe walisimama. Mwaka 1837 Waingereza walikiondoa Kiajemi mahakamani, Kiurdu kikashika nafasi yake Kaskazini mwa Bara Hindi. Mwaka 1900 serikali ikaruhusu herufi za Kidevanagari za Kihindi nazo zitumike mahakamani huko. Wenye Kiurdu hawakukaa kulia tu. Mwaka 1903 ilianzishwa jumuiya ya kukiendeleza Kiurdu, Anjuman Taraqqi-e-Urdu, na Maulvi Abdul Haq akaipa umri wake wote hadi alipofariki mwaka 1961, kwa kukusanya maandishi ya kale, kuchapisha vitabu na kutunga makamusi. Watu wakamwita Baba wa Kiurdu.

Herufi zao zilikuwa ngumu kwa mitambo ya chapa, kwani mwandiko wa nastaliki huteremka kama maji. Kwa hiyo magazeti yao yaliandikwa kwa mkono na makatibu mpaka juzi juzi. Mwaka 1981 gazeti la Jang la Pakistan likaanza kutumia herufi za kompyuta zilizotokana na mwandiko wa mkono wa Mirza Ahmad Jamil. Na mwaka 2013 Sanjiv Saraf, tajiri wa India ambaye si Mwislamu, alifungua maktaba ya Rekhta katika intaneti, ambamo vitabu vya Kiurdu kwa maelfu vimepigwa picha na kuwekwa wazi bure kwa kila mtu.

Sisemi kwamba kila walilolifanya ni la kuigwa. Pakistan ilipokifanya Kiurdu peke yake kuwa lugha ya taifa, Wabengali walikataa, na tarehe 21 Februari 1952 wanafunzi waliuawa kwa risasi Dhaka kwa kuitetea lugha yao. Ndiyo maana tarehe hiyo UNESCO imeifanya siku ya lugha za mama duniani. Lugha haitunzwi kwa kumnyonga jirani. Wala mambo yao hayajanyooka yote. Huko India, ambako katika sensa ya 2011 watu zaidi ya milioni 50 walisema Kiurdu ni lugha yao ya mama, wako vijana wengi wanaoziimba ghazali kwa moyo lakini herufi zake hawazijui. Husoma kwa Kidevanagari au kwa herufi za Kirumi.

Ndugu msomaji, hapa ndipo nilipotaka tufike. Kijana yule wa India ana lugha, hana herufi. Mtoto wetu wa Kwale anayo lugha, na herufi anazo pia! Kuanzia Tiwi, Diani na Ukunda hadi Gazi, Msambweni, Shimoni na Vanga, watoto hupelekwa chuo kabla hawajang'oka meno ya utotoni, na wakifika miaka kumi wanazijua alifu mpaka yee. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaambia kwamba herufi hizo ziliandika pia lugha ya mama zao. Waliopo India wana kazi ya miaka. Yetu ni kazi ya miezi.

Na kuna haraka. Pwani yetu ya kusini ina maneno yasiyopatikana kwingine. Kivumba cha Vanga na Wasini, na Kichifundi cha upande wa Shimoni, havikuchaguliwa kuwa Kiswahili cha vitabuni. Kilichochaguliwa ni Kiunguja. H. E. Lambert aliviandikia vitabu vidogo, Kivumba mwaka 1957 na Kichifundi mwaka 1958, lakini barua za wazee wenyewe, walivyosemezana wao kwa wao, zimo makashani. Na nyaraka za mashamba nazo zimo humo. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilipotunga sheria ya kuandikisha hati za ardhi za Pwani, waliokuwa na waraka walikuwa na la kuonyesha. Sidai kwamba karatasi ya mchwa itamrudishia mtu shamba lake leo. Hilo ni la mahakama. Nasema tu kwamba katika kaunti iliyoumia kwa ardhi kama hii yetu, ni aibu mtu kuchoma ushahidi wa babu yake akidhani anaheshimu aya.

Wageni waliijua thamani ya karatasi hizo mapema. Mwaka 1892 C. G. Büttner alichapisha Berlin kitabu cha barua na maandishi ya Kiswahili katika herufi za Kiarabu, ili Wajerumani waliokuja kutawala wajifunze kuyasoma. Mtawala alijifunza kusoma barua zetu, wenyewe tukaacha. Na leo hapa Diani nimeyaona makasha ya wazee yakiuzwa kuwa mapambo ya vyumba vya wageni, yakiwa matupu. Hakuna aliyeuliza vilivyokuwamo vilikwenda wapi. Msitu wa Kaya Kinondo umeandikwa na UNESCO mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Mijikenda, nasi tukafurahi, na tulistahili kufurahi. Karatasi nazo ni kaya; ila kaya ya karatasi haina miiko inayoilinda na kiberiti.

Wako watakaosema tunataka kurudi nyuma. La. Herufi za Kirumi zinakifaa Kiswahili vizuri, na gazeti hili litaendelea kuchapwa kwazo. Hakuna anayetaka mtoto aandike mtihani wake kwa herufi nyingine. Tunalotaka ni mtoto aweze kusoma barua ya babu yake, basi.

Nawaomba mambo matatu. Maalimu wa vyuo, toeni saa moja kwa wiki kwa wanafunzi waliokwisha kuhitimu, muwasomeshe Kiswahili kwa herufi hizo hizo, muanze na methali na beti fupi wanazozijua kwa moyo. Wenye makasha, msichome kitu kabla hakijasomwa na ajuaye. Kama ni aya, itapata heshima yake baadaye. Na vijana wenye simu za kupiga picha, pigeni picha kila ukurasa, mbele na nyuma, muandike umetoka nyumba gani na kijiji gani, na nakala moja iende kwa watunzaji wa makumbusho pale Ngome ya Yesu, Mombasa. Asili ibaki kwa wenyewe.

Yule kijana wa Msambweni sasa amenakili beti zote tisa kwa herufi za Kirumi, na dada yake amezisoma mbele ya wanawake siku ya harusi ya binti ami yao. Waraka wa shamba umetiwa ndani ya plastiki, umerudi kashani. Nami nimemwachia beti hii:

Kasha la babu fungua, soma aliyoandika,
Herufi wazitambua, chuoni wazitamka,
Mchwa akiuchambua, waraka utatoweka,
Ufunguo ni chuoni, mwana apate kushika.