Wanalilia Watoto, Wetu Wanawafungia Mlango

Siasa za Uingereza zimepata wimbo mpya: watoto hawatoshi. Kwa takwimu za mwaka 2024, mwanamke wa England na Wales anatarajiwa kuzaa kwa wastani watoto 1.41 maishani mwake, kiwango cha chini kuliko vyote tangu kumbukumbu hizo zianze kuwekwa. Scotland mwaka huo ilikuwa 1.25. Ili idadi ya watu isipungue bila kutegemea wageni, inatakiwa karibu 2.1. Julai 2025 Waziri wa Elimu, Bridget Phillipson, aliandika gazetini kwamba angependa kuona vijana wengi zaidi wakizaa, kama wenyewe wanataka. Nigel Farage, kiongozi wa chama cha Reform UK, ambaye hapatani naye karibu kwa kila jambo, alikuwa ameshatangaza mwezi Mei kwamba chama chake kingefuta ukomo wa ruzuku ya watoto wawili ili kuwatia moyo wazazi. Baadaye akafafanua ni wazazi gani aliokuwa akiwasema: Waingereza, na wote wawili wawe kazini.

Ufafanuzi huo ndio uliotufanya tuandike. Wanasiasa wa kila upande wanawazungumzia kwa mapenzi watoto ambao bado hawajatungwa mimba. Wakifika kwa waliokwisha zaliwa, hasa wenye majina kama ya wanetu sisi wahamiaji, sauti inabadilika na mazungumzo yanakuwa ya uhamiaji.

Habari njema kwanza, maana ipo. Novemba 2025, katika Bajeti, Waziri wa Fedha Rachel Reeves alitangaza kwamba ukomo wa watoto wawili utafutwa kuanzia Aprili 2026. Wengi wenu mnaujua ukomo huo bila kuhitaji maelezo. Mtoto wa tatu, au wa nne, aliyezaliwa tangu tarehe 6 Aprili 2017 hakuhesabiwa kwenye malipo ya Universal Credit, ruzuku ya kaya za kipato cha chini, kana kwamba hali wala havai viatu. George Osborne, Waziri wa Fedha wa wakati huo, alipoutangaza mwaka 2015 alisema wanaopokea ruzuku wafanye maamuzi yaleyale ya uzazi wanayoyafanya wanaojitegemea kwa mishahara. Ilipokuja kuhesabiwa, zaidi ya nusu ya kaya zilizoguswa zilikuwa na mtu anayefanya kazi. Watoto walioishi kwenye kaya hizo walifikia zaidi ya milioni 1.6. Mama aliyebeba mimba ya tatu kwa kubakwa alitakiwa athibitishe hilo ndipo mtoto ahesabiwe. Na Julai 2024, wabunge saba wa chama tawala cha Labour walipopiga kura kutaka ukomo huo uondolewe, chama chao wenyewe kiliwasimamisha. Mwaka na miezi michache baadaye serikali ileile ikafanya walichokidai.

Anayependa historia atacheka kidogo. William Beveridge, katika ripoti yake ya mwaka 1942 iliyochora mfumo wa ruzuku wa nchi hii, alikuwa na hofu hiihii ya uzazi kushuka, na hofu hiyo ilisaidia kuzaa posho ya kwanza ya watoto nchini humu. Ilianza kulipwa Agosti 1946, shilingi 5 kwa wiki, na ilianzia kwa mtoto wa pili. Wa kwanza hakulipiwa. Waliotunga sheria ile waliona kwamba mzigo unakuja pale watoto wanapoongezeka, wakatoa msaada hapo. Wajukuu wao wakaukata hapohapo. Na mbunge Eleanor Rathbone, aliyepigania posho hiyo kwa miaka mingi, alikataa rasimu iliyotaka fedha apewe baba, akashinda zikaenda mkononi mwa mama. Akina mama wa jumuiya yetu hawahitaji kuelezwa kwa nini.

Je, ukomo ule ulizuia watu kuzaa? Watafiti waliopima, akiwemo mwanauchumi Jonathan Portes, walikuta uzazi ulipungua kidogo mno. Familia zilipata mtoto wa tatu kama ambavyo zingempata, ila zikawa maskini zaidi. Na upande wa pili, je, fedha zinazalisha watoto? Hungary imejaribu kuliko wote. Tangu 2020 mama wa watoto wanne au zaidi halipi kodi ya mapato maisha yake yote, na kuna mikopo na ruzuku za nyumba juu yake. Uzazi ulipanda hadi karibu 1.6, kisha ukarudi chini. Mwaka 2024 ulikuwa karibu 1.38. Kwa hiyo waliodhani wanaweza kuwanyima watu ili wasizae, na wanaodhani wanaweza kuwahonga ili wazae, wote wamekosea mahali pamoja. Watu hawapangi familia kwa kusoma Bajeti. Msaada kwa mtoto una sababu moja tu inayotosha, nayo ni kwamba mtoto yupo.

Tukikubaliana hapo, tuwatazame watoto waliopo.

Kati ya watoto waliozaliwa England na Wales mwaka 2024, takriban mmoja kati ya watatu ana mama aliyezaliwa nje ya nchi hii. Wodi za uzazi za hapa zingekuwa na vitanda vingi vitupu bila wake zetu, dada zetu na majirani zetu. Mama huyo, akiwa bado kwenye viza, kwa kawaida ana maandishi kwenye kibali chake yanayomzuia kutumia fedha za umma. Kwa hiyo furaha ya Aprili haimhusu. Yeye hakuwa na ukomo wa watoto wawili; ukomo wake ni sifuri. Saa 30 za malezi ya bure zinazotangazwa kwa wazazi wanaofanya kazi, zilizoanza Septemba 2025 kwa watoto wa kuanzia miezi tisa, hazipati pia ikiwa mwenzi wake naye ana zuio hilohilo. Anafanya kazi, analipa kodi, anakatwa bima ya taifa, na kodi hiyo inagharamia chekechea ya mtoto wa mwenzake wa shifti.

Mtoto wake akizaliwa hapa si raia, ikiwa baba naye si raia wala mkaazi wa kudumu. Wengi wanashangaa wakisikia hivyo, lakini ndivyo sheria ilivyo tangu Januari 1983. Anaweza kuandikishwa mzazi akipata ukaazi wa kudumu, au yeye mwenyewe akifikisha miaka 10 akiwa ameishi hapa. Mwaka 2025 ada ya kumwandikisha ilikuwa pauni 1,214. Mwaka 2019, ada ilipokuwa pauni 1,012, ilifahamika mahakamani kwamba kushughulikia ombi moja kunaigharimu serikali pauni 372. Kilichobaki kilikuwa faida, iliyotoka kwa watoto. Mahakama Kuu iliona kwamba maslahi ya mtoto hayakuzingatiwa ipasavyo, lakini mwaka 2022 Mahakama ya Juu ilisema Bunge lilikuwa limempa waziri uwezo wa kutoza hivyo. Ni halali, basi. Lakini nchi inayolalamika kwamba watoto ni wachache isiwageuze watoto hao kuwa chanzo cha mapato.

Linalouma zaidi ni la watunza wazee. Kwenye jumuiya yetu hakuna familia isiyo na mtu anayefanya kazi hiyo, awe ametoka Tanga, Kisumu, Goma au Unguja. Kazi yenyewe imetokana na uhaba huohuo wa watoto. Mzee aliyezaa mmoja, au ambaye hakuzaa, na mtoto wake yuko mji mwingine, anahitaji mtu wa kumwogesha, kumlisha na kukaa naye usiku. Serikali ilifungua viza, watu wakaja. Katika mwaka ulioishia Septemba 2023, kwa hesabu za serikali yenyewe, watunza wazee wapatao 100,000 waliletea nchi hii wategemezi wapatao 120,000, wakiwemo watoto. Yaani watoto walikuja bila mtu kubembelezwa azae! Jibu likawa kanuni ya tarehe 11 Machi 2024: mtunza wazee anayekuja kwa viza hiyo asije na mke, mume wala mtoto. Julai 2025 mlango wa kuajiri kutoka ng'ambo kwa kazi hiyo ukafungwa kabisa.

Tunao akina mama waliofika baada ya kanuni ile ya Machi 2024. Watoto wao wanalelewa na bibi, wanaongea nao kwa simu ya picha kabla ya shifti ya usiku, kisha wanakwenda kumbadilisha shuka mama wa mtu mwingine. Hatuwaandiki hapa ili wahurumiwe. Wengine watatukasirikia hata kwa kuwataja. Tunaandika kwa sababu ni hao hao wanaotajwa Bungeni kama tatizo la idadi, wakati wanasiasa haohao wanalalamikia idadi pungufu ya watoto.

Hata aliye raia au mkaazi wa kudumu ana kizingiti chake. Akitaka kumleta mwenzi wake, ni lazima kipato kifike pauni 29,000 kwa mwaka, tangu Aprili 2024. Piga hesabu: kuanzia Aprili 2025 kima cha chini cha mshahara kilikuwa pauni 12.21 kwa saa, na kwa saa 40 kila wiki mwaka mzima ulipata karibu pauni 25,400. Aliyefanya kazi ya muda wote kwa kima hicho hakutimiza sharti. Ndoa nyingi za vijana wetu zinazeekea hapo, miaka ya uzazi inapita, halafu wataalamu wanaulizana kwa nini vijana hawazai.

Sasa kuna pendekezo jipya. Novemba 2025 Waziri wa Mambo ya Ndani, Shabana Mahmood, alitoa mpango wa kurefusha njia ya ukaazi wa kudumu: miaka 10 badala ya mitano kwa wengi, na 15 kwa walioingia kwa kazi za ngazi ya chini, watunza wazee wakiwemo. Fikiria maana yake kwa familia. Mtoto aliyezaliwa hapa mama akiwa mgeni atafikisha miaka 10, awe na haki ya kuandikishwa raia, huku mama yake bado anahesabu miaka ya kusubiri na kulipia viza. Ndani ya nyumba moja, mmoja Mwingereza na mwingine bado yuko kwenye majaribio.

Tukiwa tunasema ya wengine, na yetu tuyaseme. Kila harusi yetu ina shangazi anayemuuliza bibi harusi lini, na mwaka mmoja baadaye anauliza mbona kimya. Wazee wanasema mtoto huja na riziki yake. Kwao ilikuwa kweli kwa sababu alikuja pia na bibi, mama mdogo, na jirani wa kumwangalia. Hapa anakuja na ankara ya kituo cha malezi, na mama wa kuilipa mara nyingi ni yuleyule anayeamka usiku. Likizo ya baba kisheria ni wiki mbili, na kuanzia Aprili 2025 malipo yake yalikuwa pauni 187.18 kwa wiki, ni kweli, haitoshi. Lakini tunawajua akina baba ambao hata hizo mbili hawakuzichukua, wakaona kuongeza shifti ndiyo ubaba wenyewe. Wapo vijana wa kike miongoni mwetu waliosoma hali hiyo na kuamua mmoja anatosha, au kutozaa kabisa. Hawajapotoka. Nyumbani nako mambo yamegeuka: Kenya ya mwishoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa na wastani wa watoto 8 kwa mwanamke, utafiti wa mwaka 2022 ulikuta 3.4. Tanzania, ambako mwaka 2018 Rais Magufuli aliwaambia wanawake waache uzazi wa mpango, nayo inashuka polepole, ikiwa kwenye 4.8. Basi tusikubali hadithi kwamba sisi tumeumbwa kuzaa na wao wameumbwa kuacha. Hadithi hiyo inawafaa wanaotuogopa, na inawafaa pia wanaotutaka tuwajazie nchi. Wote wawili hawajamuuliza mwanamke mwenyewe.

Msimamo wetu ni huu. Kufutwa kwa ukomo wa watoto wawili ni jambo jema na lilichelewa. Ila kiwango cha juu cha jumla cha ruzuku kwa kaya, pauni 22,020 kwa mwaka nje ya London na 25,323 ndani yake, bado kipo, na familia kubwa zitakigonga. Ada ya kumwandikisha mtoto ishushwe hadi gharama halisi. Mtunza wazee aruhusiwe kuwa na wanawe. Na sera ya familia isiulize pasipoti ya mtoto kabla ya kuuliza amekula.

Kwa wasomaji wenye watoto wadogo England: kila mtoto wa miaka mitatu na minne ana haki ya saa 15 za shule ya awali, hata wazazi wakiwa na zuio la fedha za umma. Kwa wa miaka miwili zipo kwa familia za kipato cha chini, zuio likiwepo pia. Chakula cha bure shuleni nacho hakihesabiwi kuwa fedha za umma. Ulizeni ofisi ya shule. Lakini posho ya watoto inahesabiwa, na mwenye zuio asiiombe kabla ya kupata ushauri, hata kama mtoto ni raia. Asiyemudu ile ada ya kumwandikisha mtoto anaweza kuomba asamehewe. Utaratibu huo upo tangu Juni 2022 na wengi hawaujui. Kwa ushauri, nendeni kwa mshauri aliyesajiliwa na Immigration Advice Authority, si kwa jamaa anayejua makaratasi.

Serikali ilipokea maoni juu ya ule mpango wa miaka 10 na 15 hadi tarehe 12 Februari 2026.  Muda huo umepita, lakini mwandikieni mbunge wenu.