Hati ya Shamba Haifiki Mtoni

Ndugu mkulima wa skimu, yako maneno ambayo husikika kila mara mvua za masika zinapoanza, hasa kwa wale ambao mashamba yao ya miwa yanapakana na Mto Nyando huko Muhoroni, Koru na Songhor. Mtu husema, "Shamba ni langu, nimelilipia. Mto unapita kwangu, basi samaki aliyemo ni wangu. Nani atanizuia?" Akisha kusema hivyo huziba mkondo kwa nyavu toka ukingo huu mpaka ule, akangoja.

Maneno hayo si ya kweli. Hati yako inakupa udongo wa kulima, haikupi mto. Katiba ya 2010, katika ibara ya 62, inahesabu mito na maziwa kuwa mali ya umma. Ng'ombe wa jirani akipita njiani mbele ya lango lako huwezi kumchinja kwa kuwa ameonekana kwako. Samaki wa Nyando naye ni mpita njia, na safari yake ina maana kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Chukua ningu. Samaki huyu hukaa ziwani, lakini mvua kubwa ikinyesha na mto ukafurika, hupanda juu kwenda kutaga mayai penye majani yaliyofunikwa na maji. Fuani pia hupanda mto, na mumi vivyo hivyo. Wazee wa Nyanza walijua safari hiyo tangu zamani wakavua kwa migono ya fito, na ningu hawakwisha, maana wengi waliponyoka wakafika mazalioni. Kisha zikaja nyavu za dukani. Nyavu hizo ziliingizwa katika Ziwa Victoria upande wa Kenya mwaka 1905, na baadaye watu wakazitega kwenye midomo ya mito wakati uleule samaki wanapoingia kutaga. Mtaalamu mmoja wa uvuvi aliyechunguza Mto Nzoia aliandika mwaka 1965 kwamba uvuvi wa ningu ulikuwa umeporomoka, na ile mitego ya wazee ikaanza kuachwa, kwani hapakuwa na kitu cha kutega. Leo mtoto wa Nyando anaweza kukua bila kumwonja ningu hata mara moja.

Habari ya ngege ni ya namna hiyo hiyo. Uchunguzi wa mwaka 1927 na 1928 ulishauri kwamba macho ya nyavu yasiwe chini ya inchi 5, na sheria ikawekwa. Halafu sheria hiyo ikaondolewa, Uganda na Tanganyika mwaka 1956, Kenya mwaka 1961. Watu wakashuka kwenye nyavu za macho madogo, na ngege wa asili akapungua mpaka akawa kama hayupo. Ni kweli kwamba sangara aliyeletwa ziwani alimaliza wengi pia. Lakini sangara hakufuma nyavu. Tena ngege jike huyalea mayai na vitoto vyake kinywani, kwa hiyo anayemvua wakati huo huwa amechukua kuku pamoja na vifaranga vyote.

Sasa tuje kwenye adhabu, maana wengi huzinung'unikia. Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016 inakataza kuvua kwa sumu, kwa baruti na kwa umeme. Atakayepatikana na hatia aweza kutozwa faini au kufungwa, na mahakama yaweza kumnyang'anya nyavu na mtumbwi. Ati ni ukali? Mimi naona faini peke yake ni adhabu nyepesi. Mwenye mitumbwi mingi humlipia kijana wake jioni, na alfajiri kijana yuko majini na wavu mpya. Kinachomuuma tajiri huyo ni kupoteza mtumbwi, na laiti mahakimu wangeitumia adhabu hiyo mara nyingi zaidi. Lakini mama aliyemtuma mwanawe mtoni na ndoana moja apate kitoweo, huyo asipimwe kwa kipimo kile kile.

Jambo baya kuliko yote ni la sumu, na hili linatuhusu sisi wakulima kuliko wavuvi. Wako watu wanaochukua dawa ya josho, au dawa ya kupulizia mimea, wakaimwaga kwenye kidimbwi cha mto, samaki wakaelea wakaokotwa kwa kapu. Dawa hiyo huua kila kitu, tangu samaki mkubwa hata wadudu wadogo ambao samaki wengine wangewala. Na maji hayakai pale. Yanateremka kwa mwenzako anayenywesha ng'ombe, na kwa mama wa Ahero anayechota ya kupikia. Samaki huyo akipelekwa sokoni, anayemla anakula dawa ya kupe. Mtu wa namna hii hata akifungwa sitamhurumia.

Yafaa tuseme pia juu ya mnunuzi. Omena haivuliwi kwa miezi minne, toka tarehe 1 Aprili mpaka 31 Julai, ili wapate kuzaana. Ukiletewa omena mbichi mwezi wa Mei, uliza imetoka wapi. Na ukiuziwa ngege wa urefu wa kidole, jua kwamba hajazaa hata mara moja. Wewe huchinji mtamba kabla hajazaa, wala huli mbegu ya mahindi mwezi wa Februari. Askari wa uvuvi hawezi kusimama kila ufuo, lakini wavu haramu hauna faida pasipo mnunuzi.

Wenzetu wa Kinangop wanalijua jambo hili kwa njia nyingine, maana maji yao huteremka kwa Mto Malewa mpaka Ziwa Naivasha. Samaki wa ziwa hilo walipungua mno hata uvuvi ukafungwa mwaka 2001, mwaka mzima. Fikiri wewe mwenyewe: mwaka mzima bila kazi kwa mtu ambaye hana shamba. Wanaoishi karibu na ziwa ndio hubeba njaa ya namna hiyo, hata kama udongo na dawa vimetoka mbali huku juu.

Basi masika haya, acheni mkondo wazi. Pampu ya kupulizia dawa ioshwe mbali na mto, na makopo matupu yasitupwe majini. Kamati ya skimu ilizungumze jambo hili kabla ya mvua, si baada yake. Na ukimwona mtu akitia dawa mtoni, mwambie chifu au afisa wa uvuvi saa ile ile, maana kufika kesho maji yatakuwa yameichukua dawa yote na shahidi atakuwa hana la kuonyesha.