Punda Naye Anastahili Bodi: Majibu kwa Wanaopinga

Maziwa yamekuwa na bodi yake nchini Kenya tangu 1958. Chai na sukari zimeundiwa bodi, bodi zikavunjwa, kisha zikaundwa upya. Farasi wa mbio pale Ngong wana Jockey Club yao. Lakini mnyama anayevuta maji, mchele, mawe ya kujengea na taka za masoko yetu kila kukicha hana hata ofisi moja ya umma inayomhusu yeye. Siku serikali ilipomzungumzia kwa uzito, ilikuwa ni kwa sababu kuna mtu aliyeitaka ngozi yake.

Hoja ninayoitetea hapa ni fupi. Bunge litunge sheria ya kuunda chombo kidogo cha umma cha kushughulikia punda, pamoja na farasi wachache wa kazi tulio nao. Kazi zake ziwe nne: kuwasajili wanyama hao, kusimamia afya yao, kufundisha mafundi wa vifaa na wakata kwato, na kumlinda mwenye punda dhidi ya wizi na biashara haramu. Hoja hii ina wapinzani, na si watu wa kupuuzwa. Madai yao nitayajibu moja baada ya jingine.

Dai la kwanza: Zama za punda zimepita, bodaboda imemaliza kazi yake.

Bodaboda imechukua abiria na vifurushi. Mizigo mizito bado ni ya punda. Nenda Mwea wakati wa mavuno uone mpunga unavyotolewa mashambani kwa mikokoteni. Nenda Lamu, ambako Mji Mkongwe uliorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2001. Vichochoro vyake havipitishi gari, na mchanga, saruji na mawe hufika mlangoni kwa mgongo wa punda mwenye shogi. Nenda Turkana au Kajiado msimu wa kiangazi. Huko mwanamke mwenye punda huleta mitungi ya maji kadhaa kwa safari moja, na asiye naye huibeba mwenyewe.

Wapinzani huleta takwimu za sensa: mwaka 2009 tulikuwa na punda wapatao milioni 1.8, na mwaka 2019 walikuwa chini ya milioni 1.2. Wanadai kuwa hiyo ni dalili ya watu kumwacha punda. Wanachosahau kutaja ni kilichotokea katikati. Kuanzia 2016 machinjio yenye leseni yalianza kupeleka ngozi na nyama ya punda nje ya nchi, na kwa hesabu ya taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, punda 301,977 walichinjwa kati ya 2016 na 2018. Miaka hiyo hiyo wafugaji walilia kwamba punda wao wanaibwa bomani usiku. Kitu kilichotupwa na wenyewe hakina haja ya kuibwa.

Dai la pili: Idara ya mifugo ipo, bodi itarudia kazi ile ile.

Dai hili lingekuwa na nguvu kama kazi hiyo ingekuwa inafanywa. Idara ya mifugo imejengwa juu ya mazao: maziwa, nyama, ngozi, mayai. Ndiyo maana Kenya ina Bodi ya Maziwa, na Tanzania ina Bodi ya Maziwa na Bodi ya Nyama. Zao la punda ni jasho lake, na jasho halipimwi kwa lita wala kwa kilo. Kwa maofisa wa mifugo yeye ni chombo cha usafiri, na kwa maofisa wa usafiri ni mfugo. Katikati ya ofisi hizo mbili hakuna anayemshughulikia.

Matokeo yake huonekana barabarani. Ng'ombe wetu wa kienyeji ana nundu, na nira hukaa mbele ya nundu hiyo bila shida. Punda hana nundu, na nguvu zake za kuvuta ziko kifuani. Akifungwa nira ya ng'ombe, mbao husugua shingo mpaka ngozi ichubuke, kidonda kikakaa na mnyama akalemaa kabla ya umri wake. Dawa yake ni mkanda mpana wa kifuani, ambao fundi wa ngozi wa kijijini anaweza kuushona akifundishwa vipimo. Nani ana jukumu la kumfundisha? Nani hupanga chanjo ya pepopunda, au dawa ya minyoo, au kampeni ya kuondoa mifuko ya plastiki ambayo punda wa mijini huila ikawaziba matumbo? Kwa sasa jibu hutegemea kaunti ina mfadhili au haina.

Kuna jambo jingine pia. Chini ya Katiba ya 2010, huduma za mifugo ziko mikononi mwa kaunti. Huo ni utaratibu mzuri kwa chanjo na matibabu, lakini wezi hawaheshimu mipaka ya kaunti. Punda akiibwa Kajiado usiku, alfajiri anaweza kuwa Nakuru, na hakuna daftari la kitaifa la kuonyesha ni wa nani. Waswahili walishasema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Dai la tatu: Serikali inapunguza mashirika, bodi nyingine itakuwa mzigo kwa mlipa kodi.

Hili ndilo dai zito kuliko yote, na sehemu yake ni kweli. Januari 2025 Baraza la Mawaziri liliidhinisha mashirika ya umma 42 yaunganishwe yawe 20, kwa sababu majukumu yake yalikuwa yakigongana. Wakenya wamechoshwa na bodi zenye wenyekiti wa kuteuliwa kisiasa, magari makubwa na posho za vikao visivyokwisha. Mtu akipendekeza ghorofa Nairobi kwa ajili ya punda, mimi nitakuwa wa kwanza kumpinga.

Lakini mashirika yale yaliidhinishwa kuunganishwa kwa kosa la kufanya kazi inayofanywa na wengine, na kazi ya punda haifanywi na mwingine. Chombo ninachokizungumzia kinaweza kukaa ndani ya ofisi zilizopo, kikiwa na watumishi wachache, daftari moja la kielektroniki na bodi ndogo ambamo wenye punda wana viti vya kutosha kushinda kura. Kinachohitaji kuandikwa katika sheria ni mamlaka yake na fungu lake la fedha, na fungu hilo si lazima litoke Hazina. Punda anapouzwa sokoni, kaunti hutoza ushuru. Sehemu ya ushuru huo ikitengwa na sheria kwa ajili ya usajili na chanjo, mwenye punda atakuwa analipia huduma anayoiona badala ya kulipa na kuambulia risiti tu.

Njia hiyo si ngeni. Uingereza ilipounda bodi ya tozo za mbio za farasi mwaka 1961, haikuitegemeza kwenye kodi ya wananchi wote. Sheria iliwatoza wenye maduka ya kamari, na mpaka leo kampuni zenye faida inayozidi kiwango kilichowekwa hukatwa asilimia 10 ya faida ghafi inayotokana na mbio za Uingereza. Kanuni ni kwamba anayefaidi mnyama ndiye achangie matunzo yake. Bodi yetu ya Maziwa nayo huendeshwa kwa tozo kutoka sekta ya maziwa yenyewe.

Dai la nne: Vyombo vya farasi vya Ulaya ni vya matajiri na wacheza kamari, havituhusu.

Ni kweli Ulaya fedha nyingi huenda kwenye mbio. Ireland ilianzisha Horse Racing Ireland mwaka 2001, na fungu la serikali kwa ajili ya mbio za farasi na mbwa lilifika yuro milioni 95 mwaka 2024. Sitaki Kenya iige hilo. Nchi yenye shule zisizo na madawati haiwezi kugharamia zawadi za mbio.

Hata hivyo, ukiangalia majukumu ya vyombo hivyo utakuta mengi yasiyohusu kamari. Sheria ya Uingereza inaipa bodi yake malengo matatu: kuboresha mbio, kuboresha vizazi vya farasi, na kuendeleza sayansi ya tiba ya mifugo. Mawili kati ya hayo tunayahitaji hapa kesho asubuhi.

Mfano ulio bora zaidi ni Ufaransa. Mashamba ya serikali ya kuzalisha farasi yalianzishwa mwaka 1665, wakati wa Mfalme Louis XIV, na sababu haikuwa mbio. Dola ilihitaji farasi kwa jeshi, ikaona kwamba uzazi wao ukiachwa kwa bahati nasibu nchi itaishiwa. Mwaka 2010 mashamba hayo yaliunganishwa na chuo cha kitaifa cha upandaji farasi kuwa taasisi moja ya umma, IFCE. Taasisi hiyo ndiyo hutunza daftari la kitaifa, na sheria ya Ufaransa humtaka kila farasi na kila punda awekewe kichipu na kuandikwa humo. Yaani punda wa mkulima wa Ufaransa, nchi iliyojaa matrekta, ana kitambulisho, ilhali punda wa Kenya, anayelisha familia nzima, hana.

Dai la tano: Kuliko bodi, turudishe machinjio. Yalileta ajira na fedha za kigeni.

Watu wa Naivasha, Mogotio, Machakos na Turkana, ambako machinjio manne yalijengwa, wanajua ajira hizo zilikuwepo. Sikatai. Swali ni zingedumu kwa muda gani, na nani alizilipia.

Ngozi ya punda huchemshwa China kutengenezea ejiao, dawa ya kienyeji inayotumiwa pia katika vipodozi na vitafunwa. Mahitaji yake ni makubwa kuliko uwezo wa punda kuzaa. Punda jike hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima, huzaa mtoto mmoja, na mtoto huyo huchukua miaka kadhaa kabla ya kufaa kuzaa au kufanya kazi. Huwezi kumfuga kama kuku wa nyama. KALRO ilikuta kwamba uchinjaji ulikuwa ukikimbia kwa asilimia 5.1 kwa mwaka huku punda wakiongezeka kwa asilimia 1.04, na ikaonya kwamba mwenendo huo ungewamaliza kufikia 2023. Biashara ya namna hiyo hujifunga yenyewe siku mnyama wa mwisho anapochinjwa. Mwenye kiwanda atahamia nchi nyingine, na mama wa Kajiado atabaki na mitungi yake.

Hesabu ya fedha nayo ina udanganyifu. Bei ya punda aliyeuzwa machinjioni ililipwa mara moja. Punda aliye hai na mwenye afya hufanya kazi miaka mingi, na mapato yake huingia jikoni na shuleni bila kupita kwenye ripoti ya mauzo ya nje. Serikali huona dola za punda wa kwanza na haioni shilingi za punda wa pili, kwa sababu hakuna ofisi yenye kazi ya kuzihesabu.

Dai la sita: Marufuku yamewekwa na mashirika ya hisani yapo. Yatosha.

Marufuku tumeyaona. Februari 2020 Waziri wa Kilimo, Peter Munya, aliyafunga machinjio ya punda, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikaitengua amri yake. Tamko la waziri ni rahisi kutoa na ni rahisi kubatilisha. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika, wakiwa Addis Ababa, walikubaliana kusimamisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Hatua hiyo nzuri ilitanguliwa na mkutano wa bara zima kuhusu punda uliofanyika Dar es Salaam Desemba 2022. Lakini azimio la Addis Ababa halina askari wa kusimamisha lori njiani usiku, wala karani wa kuthibitisha punda aliyemo ni wa nani. Hayo yanahitaji chombo chenye meno hapa nyumbani.

Mashirika ya hisani nayo yanastahili shukrani. Donkey Sanctuary imekuwa ikitibu punda wa Lamu tangu 1987, na bila hiyo wengi wangekufa. Hata hivyo, mfadhili huchagua mahali pa kwenda, na siku fedha zikikauka hufunga milango bila kuvunja sheria yoyote. Mwenye punda Lamu ana bahati, na mwenye punda Marsabit ana haki ile ile. Ni chombo cha umma tu kinachoweza kuulizwa bungeni kwa nini kimefika Lamu na hakijafika Marsabit.

Baada ya madai yote sita, kinachobaki ni hofu moja ya haki, kwamba chombo hiki nacho kitaliwa. Hofu hiyo inajibiwa kwa sheria nzuri: ukubwa wake uwekewe kikomo, hesabu zake zichapishwe kila mwaka, na kura nyingi za bodi wapewe wanaofuga na kufanya kazi na punda. Tukiogopa kuunda kila kitu kwa sababu kinaweza kuibwa, tungeachana hata na shule.

Miaka 15 ya Umoja wa Afrika itakwisha 2039. Wanunuzi wa ngozi watakuwa wanasubiri, na wenye punda wa Kenya watahitaji majina yao yawe kwenye daftari kabla ya siku hiyo. Kwa hiyo, msomaji, mbunge wako atakapokuja kuomba kura, muulize swali moja tu: katika eneobunge hili kuna punda wangapi? Akishindwa kujibu, mwambie aende Bungeni akaunde ofisi itakayojua.