Mlinzi wa Mtoto Asiishie Mahakamani

Hadithi za mama wa kambo tumezisikia sote. Yatima huteswa, hunyimwa chakula, hulazwa jikoni. Mwishowe mwovu huadhibiwa na msimulizi hunyamaza. Askari naye hukomea hapo hapo: mshitakiwa akihukumiwa, jalada hufungwa. Je, mtoto alilala wapi usiku ule?

Swali hili lina uzito katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambako leo Wakongo ni wengi. Mtoto aliyepotezana na wazazi wake huwekwa kwa familia ya kumlea. Walezi wengi ni watu wema, wanaogawana posho haba na mtoto wasiyemzaa. Lakini zimo nyumba ambamo binti hugeuzwa mtumwa, hupigwa, hata kunajisiwa.

Kwa hiyo twahitaji hadithi za watoto, kwa Kiswahili, juu ya ndugu wawili wa kike waliotoka katika nyumba ya namna hiyo: mkubwa bado anaficha chakula chini ya mkeka, mdogo hasemi, na wote wawili wanapona pole pole. Hadithi hizo zianzie pale pingu zilipokwisha kufungwa.

Kwamba masimulizi huponya si ndoto. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2005 waliwasaidia watoto 6 wa Kisomali hapo hapo Nakivale, walioumizwa na vita, kusimulia maisha yao toka mwanzo. Miezi 9 baadaye, 4 kati yao hawakuhesabiwa tena kuwa wagonjwa. Ni watoto wachache mno, na vita si dhuluma ya nyumbani. Hata hivyo njia imeonekana.

Hapa askari ana silaha ambayo wengine hawana. Muuguzi wa Mbarara huenda akahitaji mkalimani. Askari wa Uganda hahitaji, kwani Kiswahili ni lugha ya kazi yake na ndiyo lugha ya watoto wengi wa Kikongo. Basi asiitumie kukemea. Mtoto huanza katikati, huruka, hurudi nyuma. Anayemwamuru aseme kwa mpangilio ameiua kesi yake mwenyewe.

Tena, miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 yataka ndugu wasitenganishwe pasipo sababu nzito. Mkubwa asipelekwe hospitali Mbarara, na mdogo akaachwa kwa mlezi yule yule.

Vitabu hivyo vikipatikana, viwekwe kwenye vituo vya polisi vya Isingiro na Mbarara. Vifike pia kambini Makenke, maana askari nao hulea watoto wa wenzao waliofariki.