Paswadi Moja kwa Ofisi Nzima? Huo Si Usalama!

Jamani, hili lazima nilisema. Kampuni ina wafanyakazi mia, lakini Wi-Fi ina paswadi moja, tena imebandikwa ukutani pale mapokezi! Mtu akifutwa kazi Ijumaa ananyang'anywa ufunguo wa mlango, ila paswadi anaondoka nayo kwenye simu. Jumatatu ameegesha gari nje, yumo ndani ya mtandao.

Ukiuliza, unajibiwa: "Lakini tunatumia WPA2!" WPA2 ni za aina mbili, bwana. Hiyo ya paswadi moja ni ya nyumbani. Ile ya Enterprise humpa kila mtu akaunti yake, na seva ya RADIUS humkagua kabla hajaingia. Akiondoka, unafunga akaunti moja tu. Wengine hawasumbuliwi.

Msiniambie ni ghali. FreeRADIUS ni ya bure, na kompyuta ya kawaida inatosha kuanzia. Vyuo vyetu hutumia njia hiyo hiyo kupitia eduroam, chini ya KENET. Sharti ni moja: simu na kompyuta zihakiki cheti cha seva, la sivyo mwizi ataweka Wi-Fi bandia yenye jina lenu avune paswadi. Wageni nao wapewe mtandao wao, kando.

Kungoja kuna bei. WEP ilivunjwa 2001, lakini maduka ya TJX huko Marekani yaliendelea kuitumia. Mwaka 2007 kampuni ikatangaza wizi wa taarifa za kadi zaidi ya milioni 45.

Nyinyi mnangoja nini?