Damu ya Mgonjwa Haisubiri Umeme

Mwaka 2024, hospitali ya Birmingham, Uingereza, ilimchoma mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana chanjo ya majaribio iliyoundwa kufuata vinasaba vya uvimbe wake mwenyewe, ili usirudi baada ya upasuaji. Lakini sindano ni mwanzo tu. Kujua kama kinga imeamka, lazima damu ichotwe tena na tena, na seli T za kinga zitenganishwe mapema, zigandishwe zikiwa hai, kisha zipimwe. Hapo ndipo sisi wa Lubumbashi, Kongo, tunapokwama. Hata hapa mtaa wa Golf, kwenye majumba ya wenye uwezo, umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, hukatika, seuze mitaa mingine! Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina madaktari na hospitali. Serikali ya jimbo iwajengee maabara yenye umeme wa uhakika, kwa fedha za shaba na kobalti yetu.