Anapukutika, Nyie Mnaandika "Moto Moto"

Wadau, leo sina umbea, nina ugomvi.

Kuna staa mmoja wa kike, simtaji, wanaomfuatilia wanamjua. Kila wiki anatupia picha za "kabla na baada". Kabla: dada mwenye mwili wake, anacheka mpaka jino la mwisho. Baada: mifupa ya shingo inahesabika, macho yameingia ndani, na chini ya picha namba ya kuagiza chai ya kukata tumbo. Komenti zinamiminika: "moto moto", "nipe siri mamii", "umetisha". Juzi kwenye intavyuu kasema mwenyewe kuwa siku nyingine akizidisha msosi anaenda kuutoa chooni. Mtangazaji akacheka. Akacheka, jamani! Mtu amekwambia anajitapisha, wewe unamuuliza ngoma mpya inatoka lini.

Hiyo siyo dayati. Huo ni ugonjwa wa akili unaoula mwili, na una majina: anoreksia kwa anayejinyima kula, bulimia kwa anayefakamia halafu anajitapisha au anabugia dawa za kuharisha. Kujitapisha kunashusha potasiamu kwenye damu, na potasiamu ikishuka sana moyo unaweza kusimama. Meno nayo yanaliwa na asidi ya tumbo. Anoreksia ni kati ya magonjwa ya akili yanayoua watu wengi zaidi kwa kulinganisha na idadi ya wanaougua. Na hawaugui mabinti tu. Kuna mabraza wa jimu humu wanajua nasema nini.

Najua mtakachojibu: "Hayo ya wazungu, Tabora nani ataacha ugali na karanga kwa hiari yake?" Hata Fiji mwanamke mwenye mwili ndiye aliyesifiwa. Mwaka 1995 televisheni ikaingia sehemu moja ya visiwa vile. Mtafiti Anne Becker akawauliza wasichana wa sekondari, na hakupata hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue. Mwaka 1998 akauliza tena: asilimia 11.3. Hiyo ni televisheni tu. Wewe unalala na simu chini ya mto. Na hapa kwetu, mwaka 2007 ulichapishwa utafiti kuhusu wasichana na wanawake wa Tanzania, dalili hizo zikaonekana. Kwa hiyo tuache hadithi za ngozi.

Ila Tabora tuna balaa letu la ziada: mdomo.

Binti anarudi likizo kutoka chuo Dar, amekonda. Kabla hajatua begi mtaa umeshapima damu kwa macho: "Kaungua huyo." Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waripotiwe Kagera mwaka 1983, ukanda huu umezoea kuona mtu aliyekonda na kumsomea dua. Shangazi anasema jini. Mjomba anasema karogwa na mwenzake wa hosteli, apelekwe kwa mtaalamu. Na mama? Mama anafunga mlango. Atamwambia nani kwamba chakula kimejaa ndani na mwanangu hali? Ataonekana mchoyo, au mchawi anayekula mtoto. Mwezi wa Ramadhani ndio kabisa, binti anasifiwa kwa kufunga, futari anaizungusha kwenye sahani, daku "nimeshiba". Wakati dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kula!

Mimi naona familia nyingi haziangushwi na ugonjwa peke yake. Zinaangushwa na aibu tunayozipelekea sisi majirani.

Halafu huu ndio mji ambao ungetakiwa kujua vizuri zaidi. Karne ya 19 babu zetu Wanyamwezi walikuwa wapagazi, Ujiji mpaka Bagamoyo, mtu na mzigo wa kilo 30 hivi begani. Msafara ulikuwa na mamia ya watu, lakini hawakula kama kundi la nzige. Waligawana katika kambi ndogondogo, kila kambi na chungu chake. Kwenye chungu cha watu wachache huwezi kuacha kula wiki nzima wenzako wasione.

Miaka ya 1980 wataalamu wa hospitali ya Maudsley, London, walianza tiba ambayo sasa inatumika sana kwa vijana wenye anoreksia. Unajua ni nini? Wazazi wanakaa na mtoto kila mlo, wanasimamia ale, bila kumtukana na bila kutafuta nani wa kulaumiwa. Ndiyo hiyo. Wenzetu wanafundishwa na daktari kukaa sahani moja! Sisi sinia tunalo, tumeligeuza la harusini. Nyumbani kila mtu anapakua, anaingia chumbani na simu yake.

Sisemi mkamshindilie ugali. Mtu aliyekaa na njaa muda mrefu akilishwa ghafla, madini ya damu yanavurugika na anaweza kufa. Aanzie hospitali, Kitete pale, apimwe. Lakini akirudi nyumbani, daktari hakai naye saa mbili usiku. Anayekaa naye ni shangazi, rafiki, mama wa kikoba. Hao ndio wanaotakiwa kufundishwa: kaa naye mpaka amalize, mpigie stori za mambo mengine, msindikize baada ya kula asikimbilie chooni. Na mdomo ufungwe kuhusu mwili wake, hata sifa. Ukimwambia "umenawiri" yeye anasikia "umenenepa", kesho hali.

Tena tusijifanye hatuwezi. Kwa UKIMWI watu wa kujitolea walipita nyumba kwa nyumba kuhudumia wagonjwa ambao ndugu zao walikuwa wanawatengea vyombo. Mwaka 2024 serikali imezindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Wahudumu hao waingie Isevya, Ng'ambo, Ipuli, kila kona. Waongezewe somo moja la ulaji, wajue kumuuliza binti aliyekonda "unakula nini, unajisikiaje ukila?" na siyo kuishia "umepima?" Mama aliyefunga mlango atamfungulia mhudumu kabla hajatufungulia sisi.

Na wewe staa wa chai, na kina dada wote mnaouza kwa picha za mifupa: kati ya wateja wenu wamo watoto wa shule. Tupieni hapo chini kwenye komenti karatasi ya usajili wa hiyo chai, iwe ya TMDA, ya TBS au ya Baraza la Tiba Asili, yoyote mliyonayo. Nasubiri.